KUCHAKAA, KUCHACHA NA KUZEEKA
Uhakiki juu ya filamu za kale na michezo ya video ya zamani

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hii hutajwa kwa kuwakemea vijana, na kwa kawaida mwenye kuitaja ni mtu mzima aliyekwisha kuamua moyoni mwake kwamba vya ujana wake vilikuwa bora. Ubishi wa namna hiyo wasikika sana siku hizi juu ya sanaa mbili ambazo umri wao si mkubwa: sinema, iliyoonyeshwa kwa watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris mnamo Desemba 1895, na michezo ya video, iliyoanza kuuzwa kwa umma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huulizwa kama filamu iliyowatoa wazee machozi yaweza kumgusa mjukuu, na kama mchezo uliomfanya mtu akeshe mwaka 1985 wastahili hata dakika 10 za mtu wa leo. Majibu yanayotolewa ni mepesi kupita kiasi. Upande mmoja husema vya kale ni dhahabu. Upande wa pili husema vimepitwa na wakati. Na pande zote mbili hutoa hukumu kabla ya kuthibitisha ni kitu gani hasa kinachohukumiwa.

Kiswahili hakina neno moja linalotosha kwa kila kitu kilichokaa siku nyingi, na katika jambo hili ukwasi huo ni msaada kwa mhakiki. Mtu huzeeka, nguo huchakaa, chakula huchacha. Tofauti hizi si za mapambo. Mzee ni mtu yule yule aliyekuwa kijana, na huenda alichopungukiwa kwa nguvu amekizidisha kwa busara. Nguo iliyochakaa ilikuwa nzima, na fundi hodari aweza kuirudishia sehemu ya sura yake. Chakula kilichochacha hakitengenezeki. Asemaye kwamba filamu fulani "imezeeka" huwa mara nyingi ameona uchakavu wa nakala akaudhania kuwa uzee wa kazi yenyewe. Na kosa hilo ni la kawaida mno hata limewapata watu wenye elimu.

Mfano ulio wazi ni ule wa filamu bubu. Filamu hizo nyingi zilipigwa kwa kamera zilizozungushwa kwa mkono, nazo zilipitisha picha 16, au 18, au 20 na zaidi kwa sekunde, kwa kadiri ya mpiga picha na ya nyakati. Sauti ilipoingia, mwendo ulifungwa kuwa picha 24. Basi filamu iliyopigwa kwa mwendo wa 16 ikionyeshwa kwa mashine ya 24, watu wote hutembea kwa kurukaruka, na jeneza hupelekwa kaburini mbio. Vizazi viwili vya watazamaji vilicheka, vikidhani kwamba ndivyo waigizaji wa zamani walivyoigiza. Tena filamu hizo, ingawa huitwa bubu, hazikuonyeshwa kimya: palikuwa na mpiga piano, au bendi nzima, na katika Ujapani palikuwa na benshi, yaani msimulizi aliyekaa kando ya pazia akaeleza hadithi na kuwasemea wahusika. Mwenye kuitazama leo nakala iliyofifia, isiyo na muziki, tena katika mwendo usio wake, hakuiona filamu ile.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Tungo za Muyaka bin Haji zilihifadhiwa vifuani mwa watu na katika hati za Kiarabu ambazo, kama zilivyoandikwa wakati ule, hazikutenganisha vyema e na i, wala o na u. Lau si maelezo ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemsaidia W. E. Taylor kuzikusanya, beti nyingi katika diwani aliyoichapisha Hichens mwaka 1940 zingekuwa mafumbo matupu. Zilipowekwa mahali pake, katika siasa za Mombasa ya Wamazrui, zilipata makali. Hakuna msomi atakayesema kwamba shairi limezeeka kwa sababu mnukuzi aliruka mshororo. Kwanza husahihishwa matini, ndipo huja tahakiki. Katika sinema na michezo ya video utaratibu huo bado haujakubaliwa na wengi.

Filamu ya Metropolis ya Fritz Lang yatosha kuonyesha hasara inayotokana na hayo. Ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin mnamo Januari 1927, nayo ilikuwa na urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Haikuleta faida iliyotarajiwa, ikakatwakatwa na wafanyabiashara wa Marekani na wa Ujerumani wenyewe. Kwa miaka 80 hivi wahakiki waliisifu kwa majengo yake na kuilaumu kwa hadithi yake, wakisema kwamba picha ni za ajabu lakini watu wake hawana sababu ya kutenda wanayotenda. Mwanasayansi Rotwang hujenga mwanamke wa chuma, kwa nini? Mpelelezi mrefu mwembamba hutokea na kutoweka. Afanya kazi gani? Lawama hizo zilikuwa za haki kwa nakala ile. Mwaka 2008 ilionekana katika jumba la makumbusho ya sinema mjini Buenos Aires nakala ya milimita 16, iliyochubuka vibaya, ambayo ndani yake mlikuwamo karibu yote yaliyokatwa. Filamu iliyotengenezwa upya ilionyeshwa mwaka 2010, ikiwa imerudishiwa dakika 25 hivi. Sasa Hel, mwanamke aliyependwa na Rotwang akaolewa na mtawala wa mji kisha akafa, ana mnara wake na pazia lake, na chuma kile kina sababu: ni mjane wa mapenzi anayetaka kumrudisha marehemu. Mpelelezi naye ana kazi, na mfanyakazi aliyebadilishana nguo na mwana wa tajiri ana safari yake.

Je, kwa hiyo filamu yote imepona? La. Mwisho wake, ambapo tajiri na mfanyakazi hupeana mikono kwa upatanishi wa "moyo", ulikuwa dhaifu mwaka 1927 na ni dhaifu leo. Lang mwenyewe baadaye aliukana. Lakini sasa mhakiki ajua ni upi udhaifu wa mtunzi na upi ni wa mkasi. Hilo ndilo jambo lisiloweza kujulikana kwa kukisia.

Inafaa kukumbuka pia kwamba filamu zinazobishaniwa ni zile tu zilizobahatika kubaki. Uchunguzi wa David Pierce, uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013, ulihesabu filamu ndefu bubu za Marekani 10,919, ukaona kwamba asilimia 14 tu zimebaki katika umbo lake la kwanza, na kwamba asilimia 70 zimepotea kabisa. Basi asemaye kwamba filamu bubu zilikuwa zote za vichekesho vya kuangukaangoka, au kwamba zilikuwa zote kazi za ustadi, asema juu ya masalia.

Katika michezo ya video hali ni hiyo hiyo, ingawa vitu vyenyewe si vya siku nyingi. Michezo ya miaka ya 1980 na 1990 ilichorwa kwa ajili ya televisheni za chogo, ambazo kioo chake kiliyayusha madoa ya rangi na kuyachanganya. Wachoraji walilijua hilo wakalitumia. Katika mchezo wa Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991, maporomoko ya maji yamechorwa kwa mistari iliyosimama, mmoja wa rangi na mmoja mtupu, kwa kuwa mashine ya Sega haikuwa na uwezo wa kuchora kitu kinachopenya mwanga. Katika televisheni ya wakati ule, kwa waya wa kawaida, mistari ilichanganyika, na nyuma ya maji mlima ulionekana. Katika televisheni bapa ya leo, mistari yasimama wazi kama ya fito za uzio, na kijana aitazamaye husema kwamba watu wa zamani hawakujua kuchora. Tena televisheni bapa nyingi huichelewesha picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, nayo yatosha kumwangusha shimoni mchezaji aliyebonyeza kwa wakati. Hapo huambiwa kwamba gemu lenyewe ni gumu bila sababu. Kama kwamba hayo hayatoshi, uchunguzi wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kati ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, asilimia 87 haipatikani madukani kwa njia yoyote. Anayetaka kuihakiki hana budi kutafuta mashine kuukuu, au nakala zinazotembea gizani.

Hata hivyo itakuwa udanganyifu kutupa lawama zote juu ya nakala. Ikisha kusahihishwa matini, zipo kazi zinazosimama na zipo zinazoanguka, na sababu yaweza kutajwa. Mwaka 1983 ulitoka mchezo ulioitwa Dragon's Lair. Picha zake zilikuwa katuni halisi, zilizochorwa chini ya uongozi wa Don Bluth na kuhifadhiwa katika sahani ya leza, na watu walijipanga kuutazama, ingawa uliwatoza senti 50 mahali ambapo michezo mingine ilitoza 25. Picha zile hata leo ni nzuri. Mchezo wenyewe haupo: mchezaji hungoja, hubonyeza upande uliokusudiwa, katuni huendelea, akikosea, shujaa hufa. Ajabu yake yote ilikuwa katika kuziona picha za namna ile ndani ya mashine ya kutia sarafu, na ajabu hiyo ilikwisha siku mashine nyingine zilipoweza kufanya vivyo hivyo.

Mwaka uliofuata, 1984, Alexey Pajitnov alitunga Tetris mjini Moscow kwenye kompyuta ya Elektronika 60, ambayo haikuwa na uwezo wa kuchora picha hata kidogo. Vipande vyake viliundwa kwa alama za maandishi. Maumbo ni 7, kila moja lina miraba 4, na kanuni zake hazijazi ukurasa. Mwanaisimu hawezi kukosa kuona kwamba hiyo ni sarufi: viambajengo vichache, kanuni chache, na miungano isiyo na mwisho. Picha yake ilikuwa maskini tangu siku ya kwanza, kwa hiyo haikuwa na cha kupoteza. Katika Afrika Mashariki hoja hii haihitaji Moscow. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Huchezwa katika ubao wa mninga ulionakshiwa, huchezwa pia katika vishimo vilivyochimbwa mchangani, na hakuna aliyewahi kuuliza kama limepitwa na wakati. Ubao huchakaa, bao halichakai.

Yaonekana basi kwamba kazi iliyotegemea ajabu ya chombo huzeeka pamoja na chombo, na ile iliyogeuza upungufu wa chombo kuwa sehemu ya kanuni yake hudumu. Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, ya mwaka 1978, ni ushahidi mzuri. Wavamizi huongeza kasi kwa kadiri wanavyouawa. Asili ya jambo hilo ni unyonge wa mashine, ambayo ilichelewa ilipokuwa na wengi wa kuchora na kuharakisha walipobaki wachache. Nishikado aliliona, akaliacha, na hofu ya mchezaji mbele ya mvamizi wa mwisho, anayekimbia kupita wote, imetokana na hapo. Lakini wapenzi wa michezo hiyo wasilipokee hili kama sifa kwa kila kilicho kigumu. Michezo mingi ya mashine za sarafu ilifanywa migumu ili mchezaji afe upesi na kutia sarafu nyingine, na ilipohamishiwa majumbani ugumu ule ulibakizwa, ingawa mlipishaji hakuwapo tena. Kuusifu leo ni kuusifu ushuru wa soko lililofungwa.

Kanuni hiyo hiyo yatumika katika sinema. Lights of New York, filamu ndefu ya kwanza iliyosemwa yote kwa sauti, ilitoka mwaka 1928. Kinasa sauti hakikuweza kusogezwa, kwa hiyo watu husimama wamekusanyika mahali kilipofichwa na kusema pole pole, kama walio katika somo la imla. Mwaka 1928 watu walilipa ili kusikia. Leo kusikia si habari, na kilichobaki ni watu waliosimama. Miaka miwili kabla yake Buster Keaton alikuwa ametengeneza The General, ambamo treni yenyewe ndiyo mwigizaji wa pili. Keaton hukaa juu ya chuma kinachounganisha magurudumu, amezama katika huzuni zake, na gari laanza kwenda na kumpandisha na kumshusha kabla hajatambua. Hakuna neno la kutafsiriwa hapo. Mtu aweza kuitazama Oslo au Ujiji, akacheka mahali pale pale, kwa sababu kichekesho kimejengwa kwa uzito na mwendo. Ilipotoka haikufanikiwa, mwaka 1989 ilikuwa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuwekwa katika orodha ya taifa ya hifadhi ya Marekani.

Lakini Keaton katika filamu hiyo ni dereva mzalendo wa Kusini, upande uliopigania utumwa, na watumwa hawaonekani. Hapo ndipo neno la tatu linapohitajiwa. Kuna kitu kilichochacha ndani ya kazi iliyo nzima. Katika The Jazz Singer ya mwaka 1927, Al Jolson hujipaka masizi usoni ili aimbe kama mtu mweusi wa mzaha, na wimbo huo umewekwa penye kilele cha hadithi, pale mama anapomsikiliza mwanawe. Haiwezekani kuukata na kubakiza filamu. Husemwa kwamba watazamaji wa wakati ule hawakuona ubaya. Watazamaji gani? Watu waliokuwa wakiigwa walikuwapo Marekani mwaka 1927, na baadhi yao walikuwa wameketi katika viti vya juu walivyotengewa. Uchachu haukuletwa na miaka. Ulikuwamo, na waliounusa hawakuulizwa.

Jambo hili lina upande wake katika nchi hizi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment lilitengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Zinazojulikana kubaki ni 3. Nadharia iliyoenea katika filamu za serikali ya kikoloni, na ambayo William Sellers aliishika alipoongoza Colonial Film Unit tangu mwaka 1939, ilidai kwamba mtazamaji Mwafrika hawezi kufuata picha isipokuwa iwe nyepesi na ya pole pole. Nadharia hiyo imekwisha kutupwa, na ilistahili. Wakati huo huo, katika majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam, watu walikuwa wakifuata filamu za Kihindi zenye saa tatu, nyimbo na visa ndani ya visa, bila kujua Kihindi. Mtawala hakuwa na haja ya kwenda mbali kuupata ukanusho wake.

Lakini hata filamu hizo za Vugiri hazijulikani ipasavyo kwa kutazamwa tu. Maneno yake yalinaswa mbali na picha, katika sahani za santuri, kwa lugha kadhaa za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kazi kamili ilikuwa picha na sahani pamoja. Mwenye kuhakiki picha peke yake ahakiki ganda. Na kwa mchunguzi wa lugha, Kiswahili kilichosemwa kwa hadhara ya mashambani mwaka 1936 kina thamani kupita minyoo na mbolea zilizoonyeshwa.

Yafaa kulinganisha na kazi ya wasimulizi wa filamu waliotokea baadaye, kama Lufufu katika Tanzania na DJ Afro katika Kenya. Hawa huchukua filamu ya kigeni, mara nyingi ya zamani, ya Hong Kong au ya Bombay, hupunguza sauti yake ya asili na kuisimulia upya kwa Kiswahili: huwapa wahusika majina, hueleza ukoo wao, hutania, huonya, husogeza kisa hadi mtaani. Wapo wanaowadharau kwa kuwa hawafasiri neno kwa neno. Dharau hiyo haina msingi. Benshi wa Ujapani hakufasiri neno kwa neno, wala mtambaji wa ngano hafanyi hivyo. Filamu ambayo huko ilikotoka hakuna aikumbukaye hujaza kibanda cha video kwa sababu ya usemi wa msimulizi, na haiwezekani kusema kama filamu hiyo imezeeka mpaka iamuliwe kwanza kwamba matini ni ipi: ni picha za Hong Kong, au ni Kiswahili kilichowekwa juu yake.

Kwa mwanaisimu jibu halina shaka kubwa, na hapo ndipo penye haraka. Usimulizi mwingi wa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulihifadhiwa katika kanda za VHS. Utepe wa kanda hupoteza nguvu ya sumaku, hushika ukungu katika hewa ya pwani, na mashine za kuuchezea hazitengenezwi tena tangu mwaka 2016. Filamu zenyewe zina nakala nyingine duniani. Usimulizi hauna, isipokuwa katika kanda zile zile zilizopita mikono mia, ambazo wenye vibanda walipohamia sahani na simu waliziuza kwa kilo au kuzitupa.